Kibakuli cha Mlangoni

Walikutana kwa kubishana, kwenye maonyesho ya biashara, siku ambayo banda la kiwanda cha leza lilijaa hadi watu wakawa wanachungulia juu ya mabega ya wenzao. Mwanafizikia alisimama nyuma ya meza, koti jeupe la kazi juu ya gauni la buluu, nywele zimebanwa kisogoni, akieleza jinsi mwanga unavyochora jina juu ya chuma kabla mtu hajamaliza kulitamka.

"Dada," mwanamume mmoja akamkatiza, "na mashine yako ikikosea herufi, huwa inaomba radhi?"

Watu wakacheka. Alikuwa sonara, hilo halikuhitaji kuulizwa: ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi kwa dawa ya kung'arishia dhahabu, ingawa shati lake lilikuwa limepigwa pasi kama la bwana harusi.

"Mashine haikosei, kaka. Anayekosea ni anayeiagiza."

"Basi acha niagize. Nichoree namba ya simu."

"Namba ya nani?"

"Ya mwenye mashine."

Aliichora kwenye kipande cha bati. Mwenyewe alijishangaa, maana hakuwa mtu wa kugawa namba yake ovyo. Yule bwana akakitia kile kipande cha bati mfukoni, akaondoka bila hata kuaga.

Simu ilianza jioni hiyo hiyo na haikukoma. "Mwanga wangu, umekula?" ndiyo ilikuwa salamu yake. Naye humjibu, "Nimekula, Sonara wangu. Wewe leo umeunguza dhahabu ya nani?" Akitoka kazini hupitia dukani kwake, akaketi kwenye kigoda kando ya mizani, wakacheka mambo ambayo mtu mwingine asingeona kichekesho chake. Ndipo siku moja Sonara akafungua kiganja, na pete ikawa humo. Alikuwa ameifua kwa mkono wake, akaing'arisha mpaka mtu akijitazama anaona kope zake.

"Mkono umenifa ganzi kwa kuisugua," alimwambia. "Nataka mtu aliye ng'ambo ya barabara ajue una mwenyewe."

Mwanafizikia alilia na kucheka kwa pamoja. Aliivaa, na alimpenda mtu yule kupita kiasi. Hilo litajwe mapema, kwa sababu ndilo lililomponza.

Kwenye mlango wa maabara palikuwa na kibakuli cha plastiki cha manjano. Kila aingiaye huacha humo pete, saa na bangili. Mwanafizikia ndiye aliyekiweka, na alikuwa mkali nacho. Watu wazima waliomzidi umri aliwarudisha mlangoni kama watoto wa shule. Leza waliyoitengeneza mle ndani haionekani kwa macho. Ikigusa kitu kinachong'aa inaruka, na inakoruka hakujulikani mpaka mtu aumie.

Basi dada yake Sonara akapita getini saa ya chakula. Akamkuta Mwanafizikia amesimama na Fundi wa mitambo, wanacheka, kidole chake kitupu. Pete ilikuwa kibakulini, kwa kuwa alikuwa akirudi ndani baada ya muda mfupi. Wifi huyo hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja dukani kwa kaka yake.

"Mwanga," Sonara aliita kwenye simu jioni ile.

Lile "wangu" lilikuwa limedondoka. Mwanafizikia alilisikia likidondoka.

"Abee."

"Wifi yako amekuona leo. Anasema kidole ni kitupu."

"Nilikuwa kazini. Si nilikwambia kuna kibakuli?"

"Kibakuli." Alilitamka kama mtu aliyeonja kitu kichachu. "Nimetengeneza pete tangu nikiwa kijana. Nimesikia sababu zote za mwanamke kuvua pete akienda penye wanaume. Ya mwanga ndiyo kwanza naisikia."

"Unanitukana, Sonara."

"Sikutukani, nauliza tu. Huko kazini kwako unanionea haya?"

"Njoo uone mwenyewe."

"Nije nione nini? Kama unanipenda, ivae. Kama hunipendi, iache humo humo, nitaelewa."

Akakata simu. Mwanafizikia alipiga tena na tena; haikupokewa.

Asubuhi alisimama mlangoni pa maabara macho yamevimba. Akaweka saa kibakulini. Akaweka hereni. Pete akaizungusha kidoleni, akaiacha. "Nitakuwa mwangalifu," alijiambia, maneno yale yale aliyowakataza wenzake kuyasema.

Kazi ya siku ile ilikuwa kunyoosha njia ya leza kwa vioo vidogo, kazi ya kutulia. Yeye hakutulia. Machozi yaliifanya miwani ya kinga ishike ukungu.

"Dada, uko sawa?" Fundi alimuuliza kutoka upande wa pili wa meza.

"Niko sawa," alisema, akainyanyua miwani kwa mkono mmoja ili aipanguse. Mkono wa pili, wenye pete, ulikuwa bado kwenye skrubu ya kioo. Ukateleza, pete ikakatiza njia ya leza.

Alisikia mlio mdogo ndani ya kichwa, kama kijiti cha kiberiti kinachovunjika. Hakukuwa na maumivu. Alimgeukia Fundi, akafumba jicho la kushoto ili ajipime, na uso wa Fundi haukuwepo. Palikuwa na masikio, mabega, na katikati giza.

Daktari wa macho hakumzungusha. "Kilichoungua ndani ya jicho la kulia hakioti tena, binti yangu. La kushoto ni zima, mshukuru Mungu." Kiwandani walimuuliza kwa nini alivaa pete. Alisema alisahau. Walimhamishia ofisini, na maabara hakuingia tena.

Sonara alifika hospitali anahema.

"Ulikuwa umeivaa?"

Mwanafizikia aliuficha mkono chini ya shuka.

"Mwanga wangu, ulikuwa umeivaa?"

"Nilikuwa nimeivaa."

Akakaa chini sakafuni, pale pale kando ya kitanda, akalia bila kujificha.

Tangu hapo hakumwacha. Alimpikia, alimfulia, alimshika mkono kuvuka barabara ambazo Mwanafizikia aliziona vizuri tu. Wifi alikuja akapiga magoti. Simu zilirudi, ila salamu ilikuwa nyingine: "Jicho linaendeleaje?" Kila siku jicho. Hakuuliza tena kama amekula.

Kisha Sonara akaja nyumbani kwa Mwanafizikia amevaa lile shati la maonyesho, akaweka mezani pete aliyoichukua hospitali. Alikuwa ameipiga msasa mpaka ikafifia, yeye ambaye hakuruhusu kitu kitoke dukani bila kumeremeta.

"Haing'ai tena," alisema. "Nimeongea na mama. Tupange siku."

Mwanafizikia aliigusa. Ilikuwa inakwaruza.

"Sonara wangu, nikuulize. Jicho hili lingekuwa zima, ungepokea simu yangu?"

Sonara alikuwa muungwana, uongo ulimshinda.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa na hasira. Lakini nimekuharibu, Mwanga. Niache nikutunze."

"Nimekusikia. Ila mimi nilitaka mume, na wewe unatafuta pa kutubia. Kila ukiniangalia unaona jicho."

"Kwa hiyo hunipendi tena?"

"Nakupenda. Ningekuwa sikupendi ningekubali."

Sonara akainuka. Mlangoni akageuka. Mwanafizikia akaliziba kwa kiganja jicho la kushoto, akamtazama kwa la kulia. Aliona viatu, mkono ulioshika kitasa, kola ya shati lililopigwa pasi. Uso haukuwepo. Kama angeuona, angemwita arudi.