Wito wa Tatu Chini ya Bustani

Aliyeniambia kwanza ni dada Rozalia, anayeuza mchele wa Ubaruku sokoni Soweto. Nilikuwa nimetoka Iringa kuja Mbeya na mwanangu Blessing, nimepanga chumba jirani naye, chini ya bustani ya mjini.

"Mdogo wangu, huku ukungu ukishuka hatuitiki mara ya kwanza wala ya pili," alisema. "Jini la bustani huiga sauti ya mtu wako, ila huita mara mbili tu. Ya tatu haliwezi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Upande wa juu wa bustani kuna nyumba za mageti. Mama mmoja wa huko alitaka nimfulie. Aliposikia ninapokaa akaivuta ndoo yake ya nguo.

"Wa kule chini? Hapana. Majini yenu msituletee."

Katika chumba kinachopakana na changu anakaa Atuganile. Jioni moja ya Juni mwaka jana alimtuma binti yake Mercy, wa miaka sita, kuchukua maziwa upande wa juu. Ukungu ukashuka. Nje ikaita sauti, "Mama!" Kisha tena, kwa unyonge, "Mama!" Atuganile alisimama, mkono kwenye komeo, akisubiri ya tatu. Haikuja. Akajipa moyo kwamba mwenye maziwa amemzuia Mercy hadi kupambazuke.

Asubuhi walimkuta mtaroni, hatua kumi na tano kutoka mlangoni, mguu umevunjika, baridi imekwisha kumuua. Wa juu nao walimsikia, wakafunga madirisha. Walidhani ni jini letu.

Tangu hapo, kila ukungu ukishuka, sauti huja mlangoni kwa Atuganile. Wapangaji walianza kuhama. Waliobaki wakamwita mchungaji Eliezeri. Aliomba, akapaka mafuta mlangoni, kisha akanigeukia mimi ninayepakana ukuta na Atuganile.

"Ikisikika tena jioni hii, niambie kesho. Nitakuja na wazee tuifukuze, isirudi kamwe."

Alipoondoka, Atuganile aliyafuta yale mafuta kwa kanga yake.

"Usiniangalie hivyo, mama Blessing," alininong'oneza. "Wakiifukuza, mimi nitabaki na nini?"

Jioni ile ukungu ulishuka mapema. Kwanza ilikuja harufu ya sweta lililolowa, harufu ya matope ya mtaroni, ikapita chini ya mlango wangu, ikapanda hadi kitandani nilipokuwa nimemkumbatia mwanangu, na nyuma yake zikaja nyayo ndogo, moja ikikanyaga na nyingine ikiburuzwa, zikanipita taratibu, zikasimama kwa Atuganile.

"Mama!"

Kisha tena:

"Mama!"

Nikasikia komeo likivutwa.

"Abee, mwanangu," Atuganile alisema. "Abee. Ingia."

Mlango ukafungwa. Halafu, ndani kabisa, kwa chini karibu na sakafu, upande wa pili wa ukuta wangu, ikaita mara ya tatu.

"Mama."

Kisha nikasikia meno yakigongana kwa baridi, na Atuganile akilia, akisema, "Sogea kwenye jiko. Sogea, mwanangu."

Asubuhi mchungaji alikuja na wazee wanne. Atuganile alikuwa amesimama mlangoni kwake, macho yamevimba. Hakuniomba kitu.

"Umesikia chochote, mama Blessing?"

"Hapana, mchungaji," nikasema. "Kulikuwa kimya."