Neno Moja Moja

Kila siku akitoka shule, Aline alivua sare, akala mihogo ya kuchemsha, kisha akapanda mlimani juu ya Kalundu kumsaidia mjomba wake, Donatien, kupalilia. Njiani wenzake walimrushia maneno ya Kiswahili, naye akayarudisha kwa Kirundi alichofundishwa na bibi yake, neno moja moja, bila kupumua. Walimwita Redio. Jina hilo lilimvimbisha kichwa, wala hakulificha.

Jumatano moja alikuta fujo shambani. Ng'ombe walikuwa wamekanyaga mihogo, na wanaume wenye majembe walikuwa wamemzingira mchungaji kijana, Ndayisenga, aliyeteremka karibuni kutoka nyanda za juu za Bijombo. Hakujua Kiswahili. Alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Aline, kuya hapa!" Donatien akaita, akitoa simu mfukoni. "Weye unajua Kirundi. Mwambie asiogope. Tutamupiga picha, tuitume kwa chefu wa kijiji chao, ajue ng'ombe hizi ni za nani."

Aline hakuwahi kusema habari za picha kwa Kirundi. Angeweza kukiri kwamba hajui. Lakini Redio akwame mbele ya watu wote? Akafuata mtindo wake. Kwa "kupiga" akatumia neno la Kirundi la kupiga kwa ngumi na viboko.

"Usiogope," akaanza. "Watakupiga..." Hapo akasita, akitafuta neno la picha.

Hakupewa nafasi ya kulipata. Ndayisenga aliona mkono wa Donatien ukiinuka mbele ya uso wake, akazungusha fimbo. Ilimpasua Donatien paji la uso, akaanguka, damu ikimjaa machoni.

"Ameua! Ameua!"

Wanaume wakamvamia Ndayisenga. Walimpiga mateke ya mbavu na ngumi za mdomo mpaka akatema jino. Jirani yao Fiston akainua jembe juu ya kichwa chake.

Aline peke yake ndiye aliyejua kwa nini fimbo ile ilizungushwa. Akinyamaza, mtu atakufa. Akisema, hasira yote itamgeukia yeye. Aliogopa, aliogopa sana, lakini akajitupa juu ya Ndayisenga.

"Ni minye! Minye nilimwambia mutamupiga! Sikumwambia picha!"

Fiston akamzaba kofi lililomwangusha. Hata hivyo, jembe lilishuka taratibu, likabaki mkononi mwake.

"Muwaache!" Donatien akafoka, akijifuta damu. "Muwaache wote!"

Katika kituo cha afya, majeruhi wawili walishonwa, wakaketi benchi moja. Aline alilia kwa aibu.

"Fimbo ilinipata minye, na jembe lilitaka kumumaliza huyu," Donatien akamwambia. "Vyote vilitoka mu kinywa chako. Siye tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga magoti mu kanisa, na hakuna muntu anaumia. Maneno hayo tumeyazoesha kutembea pamoja. Wenzetu nao wako na mazoea yao. Ukitafsiri, sikia habari yote kwanza, kisha uwaze: wenyewe wanaisemaje? Na kama haujui, sema haujui. Ukweli wako umemuponya huyu. Ungeutoa mapema, hakuna mwenye angeshonwa."

Aline akafuta machozi. Akaionyesha kamera ya simu, akamwuliza Ndayisenga kwa Kirundi, "Kwenu hii kazi mnaisemaje?"

"Gufotora," akajibu kwa mdomo uliovimba.

Aline akarudia kwa Kirundi maneno yote aliyoyasema mjomba wake kule shambani, polepole, mpaka mwisho. Donatien akainua simu. Safari hii Ndayisenga alifunga kifungo cha shati lake lililochanika, akatulia apigwe picha.