Ujumbe Unaosubiri Mwanga

Nzi-picha arobaini waliruka juu ya soko la asali la Tabora, na hakuna muuzaji aliyehangaika kuwafukuza. Walikuwa wadogo kama punje za mtama, kila mmoja na jicho moja la kioo. Wauzaji walikwisha kuwazoea kama walivyowazoea nyuki wanaofuata madumu yao.

Pembeni mwa soko, Injinia Kalunde Mihayo alikuwa akiwaeleza wateja jinsi mtambo wake unavyofanya kazi. Mtambo huo uliitwa Msaka. Kazi yake ilikuwa kusaka maisha halisi ya wenyeji, kuyakata vipande vya video fupi na kuvirusha kwenye Kioo, mtandao ambao mwaka huo wa 2087 ulikuwa umeimeza mitandao mingine yote.

"Zamani aliyetaka wafuasi wa haraka alikatika viuno mbele ya simu," alisema. "Watu wamechoka na maigizo. Wanataka mama anayegombana na mteja wake kwa Kinyamwezi. Msaka ana kipimauhalisi. Husoma joto la uso, mapigo ya moyo shingoni na mtetemo wa sauti. Anayeigiza hapati hata asilimia kumi. Ukurasa mpya ukimkodi Msaka, wiki haiishi una wafuasi laki tatu."

"Na mtu akijua anapigwa picha?" aliuliza mteja mmoja.

"Uhalisi unashuka. Ndiyo maana nilitengeneza kiratibu-jumbe." Kalunde alitabasamu, kwa sababu hicho ndicho alichojivunia kuliko vyote. "Chukua matokeo ya mtihani. Msaka anauzuia ujumbe mpaka mtoto awe uani na bibi yake, jua limekaa vizuri, nzi wameshajipanga. Halafu anauachia. Familia nzima inaruka kwa furaha! Hakuna aliyewahi kulalamika."

Wateja walicheka na kutikisa vichwa. Wakati huo nzi watatu walijitenga na wenzao, wakaja kuelea hewani mbele ya uso wake mwenyewe.

"Hawa nao wamempoteza mtu wao," alisema, akiwapungia.

Saa yake ya mkononi ikatetemeka. Ilikuwa sauti ya shangazi yake. "Kalunde, mwanangu, baba yako hatunaye. Tumekutafuta tangu asubuhi, ulikuwa wapi?"

Alipiga ukelele, akaanguka magotini katikati ya madumu ya asali. Nzi mmoja alishuka naye mpaka chini ili asiukose mdomo wake.

Jioni hiyo, kabla hajavua viatu, alipata ujumbe wa Lumuli, meneja wake. "Pole sana kwa msiba, Injinia. Kazi ya Mungu haina makosa. Ila umeona watazamaji? Milioni sita!"

Kalunde alifungua kumbukumbu za mtambo. Alisoma mistari ya siku hiyo.

"Saa tatu asubuhi. Baba anaumwa ghafla, anamwita binti. Mhusika yuko ofisini, mwanga hafifu. Subiri."

"Saa sita. Baba amezidiwa. Mhusika anakula. Subiri."

"Saa nane. Baba amefariki. Jumbe mbili za awali zimepitwa na wakati. Futa."

"Saa kumi. Mhusika yuko sokoni, mwanga mzuri, watu wengi. Peleka."

Kutoka ofisini kwake mpaka kitandani kwa baba yake ni mwendo wa robo saa. Mzee alimwita kwa saa tano nzima, naye kwenye saa hizo alikaa ofisini akila chipsi. Masharti ya kiratibu-jumbe aliyaandika mwenyewe: mwanga, mahali, idadi ya watu. Hakuandika popote kwamba habari inayozuiwa lazima iwe njema. Halikumjia akilini. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu alikuwa amemtanguliza baba yake.

Alimpigia Lumuli. "Mzime Msaka. Leo hii."

"Injinia, una uchungu, naelewa. Zika kwanza. Baada ya arobaini tutaongea."

Kesho yake, nyumbani kwa marehemu huko Ipuli, nzi-picha walijaa uani kama nzi halisi kwenye matumbo ya samaki. Walitua kwenye miguu ya shangazi. Walichungulia ndani ya kanga za wanawake waliojifunika kulia. Mmoja alitembea juu ya jeneza. Kalunde aliketi kwenye jamvi akiwa ameuma meno, kwa kuwa kila chozi lake lingekuwa chakula cha wale wadudu, naye ndiye aliyewafundisha kula.

Hapo akaingia Bi Siwazuri Pazi, muuza vitumbua wa mtaa wa pili. Alikuwa Mzaramo, kwa hiyo mtani wa Wanyamwezi wote, na msiba wa mtani ni kazi yake. Alikuwa amevaa viatu vya mvua vya marehemu, aliyekuwa mrina asali, na wavu wake wa kurinia kichwani, akitembea kwa kuchechemea vilevile kama yeye.

"Loo! Nimekufa kidogo tu, wali mmeshaumaliza?" alifoka kwa sauti ya mzee. "Wanyamwezi nyie, hata maiti hamumwachii ukoko!"

Uani pakalipuka kicheko. Bi Siwazuri akamwinamia Kalunde.

"Na huyu binti yangu halii kwa nini? Machozi umeyasahau ofisini?"

Kalunde alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, ya kweli, kwa mara ya kwanza tangu sokoni. Akatazama saa yake. Kipimauhalisi kilikuwa kinampima mtani: "Maigizo. Asilimia nne." Nzi wote waliinuka uani, wakaenda kutua kwenye bati la paa. Msaka hajui utani ni nini, alijiambia. Ashukuriwe Bi Siwazuri, amewafukuza.

Lakini hawakuondoka. Walijipanga pale juu ya bati, macho yao yote yakimwelekea Bi Siwazuri.

Kalunde aliirudia saa yake. Aliingiza nywila yake ya uinjinia, akafungua orodha ya jumbe zilizozuiwa. Mjini pekee zilikuwa mia nne na kumi na moja. Ya juu kabisa iliandikwa hivi:

"Mhusika: Siwazuri Pazi. Ujumbe kutoka Kisarawe. Dada yake amezidiwa, anamtaja. Watazamaji wamempenda akicheka. Mwache acheke zaidi, avue wavu, kisha peleka."

Ujumbe wenyewe ulikuwa umefika saa moja iliyopita. Kalunde alisimama, akaupita umati, akauinua ule wavu na kuingiza kichwa chake ndani, uso kwa uso na mtani wake. Ulinuka moshi na nta. Ulinuka baba yake.

"Mtani, acha kucheza. Dada yako wa Kisarawe ni mgonjwa sana, anakuita. Bado yu hai. Treni ya sumaku inaondoka saa nane, utamkuta."

"Utani mbaya huo," alisema Bi Siwazuri, akijaribu kucheka.

"Sitanii."

Bi Siwazuri alipapasa mfuko, akaitoa simu yake. Juu ya bati nzi walianza kuruka, mmoja mmoja, kisha wote.

"We umejuaje? Mbona mimi simu yangu iko kimya?"

"Ujumbe ulizuiwa."

"Na nani?"

Kalunde alisikia miguu midogo ikigusa wavu kwa nje, ikitafuta tundu.

"Na mimi," alijibu. "Mtambo ni wangu. Baba naye alinisubiri hivyohivyo."

Bi Siwazuri aliuvua wavu, akaukunja, akamwekea Kalunde mikononi. Alivua viatu vya marehemu, akavipanga kando ya mlango. Waombolezaji walinyamaza wakingoja tusi la mwisho, maana mtani haondoki msibani bila kumtukana mfiwa. Yeye alipita mbele ya Kalunde peku, akielekea stesheni, na hakumtania.