Gurudumu la Nne

Ka.

Sauti moja tu, kavu, chini ya gari. Anayeishi na magari haikosei: ni spana namba nane ikilegeza nati ya freni. Nilisimama mlangoni mwa hangari, chupa ya mafuta ya freni mkononi, nikajua baba mdogo ameanza bila mimi.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, saa moja, giza likiingia. Kesho yake ilikuwa siku ya piste.

Ng'ambo ya mto, mbele ya Alunguli, kuna piste, uwanja wa ndege ulioachwa na kampuni moja ya mchele. Kila kiangazi wenye magari ya zamani hukutana pale. Gari moja moja, mizunguko mitano, mtu mmoja ameshika saa. Mwisho wa mnyoosho kuna kona, na nyuma ya kona kuna korongo. Asiye na freni hatalala nyumbani kwake.

Gari letu linaitwa Kasuku. Milango miwili, mwili wa kijivu, mkia mwekundu. Mhandisi mmoja wa reli alilileta miaka ya sitini, likapita mikono mingi, mwisho likafika kwa baba yangu Célestin, fundi wa reli. Baba sikumwona. Alikufa mwaka elfu mbili na mbili, mji ukiwa umezingirwa, mimi nikiwa bado tumboni.

Alikufa chini ya gari hili.

Mama alinisimulia kila mwaka, maneno yaleyale. Baba alitaka kutoroka kwa barabara ya Kalima, lakini freni zilikuwa na hewa. Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili, mmoja chini, mmoja kwenye pedali. Wa chini anasema, "Kanyaga." Wa juu anakanyaga, anashikilia, anajibu, "Nimeshika." Wa chini analegeza nati, hewa inatoka, anafunga, anasema, "Achilia." Wanaanza na gurudumu la mbali, wanamalizia la karibu. Wa chini haoni kitu zaidi ya chuma na vumbi. Anachojua ni sauti ya mwenzake.

"Askari waliingia polepole, viatu mukononi," Mama alikuwa akisema. "Ule wa pedali akawaona. Wakaweka kidole kwa mudomo, hivi. Baba yako akasema, 'Kanyaga.' Ule akajibu, 'Nimeshika.' Kwa sauti tamu, kama hakuna kitu."

Kisha wakaipiga teke krik, jeki iliyolishikilia gari juu.

"Nani alikuwa kwa pedali, Mama?"

"Muntu."

"Muntu gani?"

"Muntu tu. Kula, chakula inapoa."

Mji haukusema muntu tu. Mji ulisema Isidore, mdogo wake baba. Yeye alisema wiki ile alikuwa Kalima. Alisema mara moja, hakurudia. Watu wakaacha kumsalimia sokoni. Hata hivyo alituletea mchele kila mwezi, akanilipia shule, mpaka nikatoka chuo cha ualimu na cheti changu. Nilikula mchele wake, nikamchukia.

Lakini hakuna mwingine mjini Kindu anayeijua injini ile. Kwa hiyo miezi mitatu tulifanya kazi pamoja, mimi na fundo kifuani, yeye na kikohozi chake. Tulisafisha karbureta mbili kwa petroli na unyoya wa kuku. Tulikata gasketi kwa mkasi wa Mama. Alinifundisha kusikiliza valvu kwa kijiti sikioni, kama daktari. Jambo moja tu alikataa. Hakukaa kwenye kiti cha dereva, hata gari likiwa limezimwa.

"Pale siketi," alisema, akageuza uso.

Nilijua kwa nini. Nilidhani najua.

Mchana ule alikuwa na furaha. "Mwalimu," aliniita, "vijana wa Alunguli wanasema Kasuku yetu inajua kuimba tu."

"Waambie inajua hata kutukana."

Alicheka mpaka akakohoa. "Bon. Wende utafute mafuta ya freni. Mimi nitaanza nyuma."

Basi niliporudi na kusikia ile *ka*, sikuuliza kitu. Nilijaza mafuta kwenye kichupa chake karibu na injini, nikapapasa hadi mlango wa kushoto, nikaketi. Gari lilikuwa juu ya mataruma manne ya reli. Taa haikuwapo. Nikadhani betri za tochi zimekufa.

"Kanyaga."

Alinong'ona. Nikakanyaga mara tatu, nikashikilia.

"Nimeshika."

Ka. Pedali ikazama taratibu chini ya mguu wangu, hewa ikakoroma ndani ya mabomba.

"Achilia."

Nyuma kulia. Nyuma kushoto. Nilisikia mgongo ukijiburuta sakafuni, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Harufu ikapanda... tope bichi. Mvua ya mwisho ilinyesha Mei.

"Baba mudogo, leo unanong'ona kama tuko kanisani."

Mbele kulia. "Kanyaga." "Nimeshika." Ka. "Achilia." Pedali ikapanda, ngumu kama jiwe. Sijawahi kukanyaga freni njema kama zile.

Kisha, mlangoni:

"Misenga? Uko unaongea na nani?"

Baba mdogo alikuwa amesimama pale, tochi mkononi, betri mpya mfukoni, mkate kwapani.

Mguu wangu ulikuwa bado kwenye pedali.

"Iko muntu chini," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo kama ya mtoto.

Aliinama, akamulika. Nikaona mwanga ukipita chini ya gari, ukatokea upande wa pili bila kukatwa na kitu. Hapakuwa na mtu. Chini ya magurudumu matatu palikuwa na matone meusi, mabichi. Chini ya la nne, lililo karibu na miguu yangu, sakafu ilikuwa kavu. Mwanga ukapanda ukutani. Spana namba nane ilikuwa ikining'inia kwenye msumari wake.

"Kanyaga."

Tochi ilimtoka mkononi, ikabaki ikiwaka sakafuni.

"Yaya," alisema baba mdogo, jinsi tunavyomwita kaka mkubwa. "Yaya Célestin."

Chini ya gari, kitu kilivuta pumzi, kama mtu aliyebanwa kifua.

"Nani iko juu?"

Nililia kabla ya kujibu. Miaka ishirini na mitatu nilingoja sauti ile.

"Misenga. Mutoto yako."

Sauti ikaja polepole:

"Simujui."

Neno moja. Lilinipita mwilini kama maji ya mto asubuhi.

"Mwite ule wa siku ile," sauti ikasema. "Gurudumu ya ine haikuisha."

Nikageuka. Machozi yalikuwa yamekauka, na hasira ilikuwa imekaa mahali pake. Niliruka nje, nikamshika baba mdogo shati.

"Ukae."

"Misenga, apana."

"Ukae! Siku ile si ulikaa muzuri?"

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto uliyembeba mgongoni, naye akakutemea mate. Akaingia, magoti yake yakagonga usukani.

"Kanyaga."

"Ni... nimeshika, yaya."

Tulingoja. Nati haikulia. Tulingoja tena. Kisha sauti ikaja, karibu kwa upole:

"Si weye, Isidore. Weye ulikuwa Kalima."

Baba mdogo aliweka paji la uso kwenye usukani, akalia kama mtu anayetuliwa mzigo barabarani, huku hajui tena namna ya kusimama bila mzigo. Nami nilisimama na kipande cha shati lake mkononi.

Ndipo nilipokumbuka. *Kwa sauti tamu.*

Siku ile hangarini walikuwamo askari, na askari walikwenda na vita vyao. Alikuwamo baba, na baba hakutoka hai. Na alikuwamo wa kwenye pedali. Nani basi alimwambia Mama jinsi sauti ile ilivyokuwa tamu?

Nyumba yetu iko hatua hamsini kutoka hangari. Nilizikimbia. Mama alikuwa uani, taa pembeni, akichagua mawe kwenye mchele kwa ajili ya chakula cha piste. Kambi nzima ya reli inamwita Mama Misenga. Tangu nizaliwe sijasikia mtu akimwita vingine.

"Mama, ile sauti tamu. Nani alikuambia?"

Vidole vyake vikasimama.

"Watu."

"Watu gani? Maaskari?"

"Isidore njo amekutuma?"

"Baba njo amenituma."

Hakucheka. Hakuniambia nimerogwa. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Amefika gurudumu gani?" akauliza.

Nikainua vidole vinne.

"Ya ine."

Akainuka. Alitembea mbele yangu bila taa, na alisema bila kugeuka, kama anasemesha giza.

"Gari ilikuwa na viti mbili. Wiki ile baba yako akatoa kimoja."

Kasuku lina kiti kimoja hadi leo. Tangu utoto nilijivuna kwa kiti kile kisichokuwapo. Niliwaambia wenzangu baba alikitoa ili gari liwe jepesi, kama madereva wa mbio.

"Akapakia chumvi," Mama akasema. "Mifuko ya chumvi, ya kuuza Kalima. Mimi nilikuwa na weye kwa tumbo, miezi munane. Tulikuwa tunakula majani. Nikamuuliza, mimi nitakaa wapi? Akasema, nitakurudilia. Akasema, kwanza unisaidie kwa pedali."

"Angerudi?"

"Sijui. Njo kitu sijui mpaka leo."

"Na maaskari?"

"Niliwaambia gari iko wapi. Waliniapia wanataka gari tu." Alipumua. "Gari tu, walisema."

"Na baba mudogo? Miaka yote hii, Mama?"

"Mimi sikusema Isidore. Hata siku moja."

"Na hukusema si yeye."

Vumbi la mchele wa Isidore lilikuwa bado limenata kwenye vidole vyake.

Watu wa piste watakuambia kwamba kesho yake niliendesha vizuri. Ni kweli. Mizunguko mitano, na kwenye kona ya korongo freni zilishika kila mara, na kila mara nilichukia zinavyoshika. Baba mdogo ndiye aliyekuwa na saa. Mama hakuja, nami sikumwita. Sasa nalala kwa baba mdogo, kitanda cha sebuleni. Hatuongei juu ya usiku ule. Mara nyingine, tukiwa mezani, ananitazama na kufungua mdomo, kisha anasogeza sahani.

Lakini kesho ilikuwa bado haijafika. Mama alifika mlangoni mwa hangari, ambako hakuwahi kukanyaga tangu nizaliwe. Akavua ndara. Baba mdogo akatoka garini akampisha, bila salamu.

Aliketi. Mimi, baada ya miezi mitatu, bado huipapasa ile pedali gizani. Mguu wa Mama haukupapasa. Ulikwenda moja kwa moja.

"Kanyaga."

Alikanyaga mara tatu. Akashikilia.

"Nimeshika," akasema.

Ilikuwa tamu. Mungu wangu, ilikuwa tamu, laini, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Nati haikulia.

"Weye njo nani?" sauti ikauliza.

"Unanijua."

"Weye njo nani?"

Harufu ya tope ilikuwa imetufika kifuani. Mataruma yakaanza kulia chini ya gari, moja, kisha la pili, ingawa hakuna aliyeligusa.

"Mama Misenga," alisema Mama.

"Simujui."

Pedali ikaanza kushuka. Niliona goti lake likinyooka, polepole, likivutwa. Alijaribu kuuondoa mguu. Mguu haukutoka.

"Shemeji," baba mdogo akanong'ona. "Sema. Umupe tu jina yako ya siku ile. Sema."

Mama akanitazama mimi. Macho yake yaliniomba nitoke nje, nisisikie. Sikutoka. Akayafumba. Mdomo ukafunguka, ukafunga, ukafunguka tena, ukitafuta kitu kilichokaa humo muda mrefu bila kutumiwa.

"Kanku," akasema.