Shaba ya Yeyo Priscilla

Kisanduku kilikuwa wazi, na ndani hamkuwa na kitu ila kitambaa chekundu. Surutia ya Yeyo Priscilla, yaani Mama Priscilla kwa Kimaasai, lile pambo la shaba la wanawake walioolewa, lililosokotwa mviringo, ilikuwa imeibwa. Jumamosi ndiyo mkwe wake mpya, Seleyian, mke wa mwanawe mdogo, alikuwa avishwe.

Apondi, mfanyakazi wa nyumba hiyo ya Kajiado, alikuwa tayari seli. Kesho angefikishwa kortini. Kosa lake? Ndiye hufagia chumba! Watu walishamhukumu wakaenda kunywa chai.

Inspekta Wakhungu hakupenda kesi inayoiva haraka hivyo.

"Nani mwingine alijua ufunguo uko wapi, mama?"

"Mwihaki, bibi ya kifungua mimba wangu. Lakini huyo ni mtoto yangu kabisa. Nilipovunjika mguu, ni yeye aliniosha."

"Na surutia ukaamua kumpa Seleyian?"

Mama mzee aliinamisha kichwa. "Nilidhani Mwihaki, juu ni Mkikuyu, hana haja na mambo ya Kimaasai."

"Ilikuwa na alama?"

"Kwa ndoano ya kuning'inizia. Mkato, mzee wangu marehemu alichonga."

Wakhungu akashika barabara hadi Kitengela, kwenye karakana ya Mwihaki. Mwihaki alikuwa akipaka shaba vikombe vya zawadi. Mbele yake palikuwa na beseni la maji ya buluu ya mrututu, ile chumvi ya shaba, na nyaya mbili kutoka kwa betri ya gari.

"Nieleze hii kazi."

"Ni rahisi, madam. Shaba nafunga upande wa chanya, kikombe upande wa hasi. Stima ikipita, ile shaba inaliwa pole pole, inaingia kwa maji, inaenda kushika kikombe."

"Inaliwa yote?"

"Yenye iko kwa maji tu. Yenye imeshikwa na kibanio huku juu inabaki. Hiyo natupa."

"Bangili yako inapendeza."

Mwihaki akavuta mkono wa sweta. "Ni chuma tu. Nilipaka mwenyewe."

Wakhungu alipekua meza, akavuta droo. Kwenye kitambaa safi kililala kipande cha shaba kidogo kama ukucha. Kilikuwa ndoano, tena yenye mkato.

"Na hii mbona hukutupa?"

Mwihaki aliketi chini, akalia kwa sauti.

"Nilishindwa! Nimempikia, nimemwosha, nimejifunza Kimaa mpaka naota nacho. Halafu huyu Seleyian anakuja juzi tu, anavishwa! Wivu ulinikula, madam. Nikaifunga chanya, bangili yangu hasi. Nilitaka niivae mimi, hata kama hakuna mtu atajua."

"Na Apondi?"

"Nilijua atashikwa," alisema polepole. "Nikanyamaza."

Jioni Priscilla aliitwa kituoni kuitambua ndoano. Aliishika, akaitazama, kisha akatazama ile bangili mezani. Mwihaki alisimama mbele yake na pingu mikononi.

"Mwihaki, mbona hukuniomba?"

"Yeyo, na wewe mbona hukunipa?"

Mama mzee aliiweka ndoano mezani, kando ya bangili.

Mlango wa seli ulifunguliwa. Apondi akatoka na mfuko wake wa nguo, akapita katikati yao bila kuwasalimu, na hakuna kati yao aliyekumbuka kumwambia pole.