Kidole cha Aliyetangulia

Nyumba ya tatu kutoka kwangu, hapa Eltham, pembeni mwa Melbourne, anakaa Graeme Tully, fundi bomba mstaafu. Ukimkuta anakunywa kahawa kwa mkono wa kushoto, usimuulize kwa nini. Mimi na umbea wangu niliuliza, nikajibiwa, na sasa usingizi wangu ni wa kuibia.

Kila Jumamosi asubuhi Graeme na wenzake walikuwa wakinyonga baiskeli mzunguko uleule: wanapita maduka ya Hurstbridge, wanaingia mashambani kwenye farasi na mizabibu, wanapanda mlima wa Kangaroo Ground, halafu wanateremka hadi mkahawani. Kilomita hamsini hivi. Zinachosha, lakini si za kuua mtu.

Wanakwenda wamefuatana tairi kwa tairi, na wa nyuma haoni kitu ila mgongo wa mwenzake. Kwa hiyo anayetangulia ndiye macho ya wote. Akiona shimo anashusha mkono, analionyesha kwa kidole. Anayefuata naye anaonyesha, hadi mkiani. Na kila wakivuka njia panda, wa mwisho hupaza sauti, "Tumetimia!" ili wa mbele ajue hakuna aliyeachwa.

Kazi ya mkiani ilikuwa ya Dessie Farrugia, mcheshi asiye na breki mdomoni. Asubuhi moja, mwaka juzi, Graeme akiwa ametangulia, akasogea akakaa nyuma yake, akaanza. "Babu, kahawa inapoa! Babu, sogea basi, hata mama mkwe wangu angekupita na kikapu chake!" Na wala hawakupishana umri zaidi ya miaka miwili. Wenzao wakacheka mlima mzima. Graeme akachukia, tena akachukia kweli. Kwenye mteremko akaliona shimo. Akalikwepa. Mkono wake wa kulia ukabaki palepale usukanini.

Alitaka Dessie ashtuke tu, tairi lipasuke, anyamaze. Dessie alivunjika shingo.

"Kangaruu," Graeme akawaambia polisi. "Katokea ghafla, Dessie akamkwepa, akaingia shimoni." Akamwambia hivyohivyo Lorna, mke wa marehemu, kulekule makaburini, amemshika mikono yote miwili. Kangaruu kule ni wengi kama mbuzi wa kijijini, nani angebisha?

Mwaka ulipotimia Lorna akawaomba wafanye mzunguko wa kumkumbuka. Yeye angewasubiri mkahawani na zile keki za nazi alizozipenda mumewe. Wakatoka wanne: Graeme mbele, Huy, Kev, na Trish, mwanamke pekee kundini, mkiani. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, taa za baiskeli zikionekana kwa shida.

Njia panda ya Hurstbridge wakaivuka salama. "Tumetimia!" Ilikuwa sauti ya mwanamume. Graeme akadhani Kev anafanya utani wake.

Njia panda ya pili. "Tumetimia, babu!"

Aliyekuwa akimwita Graeme babu ni Dessie peke yake. Walipofika mlimani Graeme akapunguza mwendo hadi akawa ubavuni mwa Trish.

"Nani anaita?" akanong'ona.

"Mimi nilidhani Kev." Trish naye alinong'ona, macho mbele. "Lakini Kev yuko mbele yangu. Sauti inatoka nyuma, Graeme. Nyuma yangu."

Hakuna aliyegeuka kutazama. Trish akamsihi arudi mbele, wamalize haraka.

Mteremko ukaanza. Lile shimo lilikuwa limezibwa zamani, kimebaki kiraka cha lami nyeusi. Graeme akashika usukani kwa nguvu zote. Mkono wa kulia ukaachia. Yeye hakuuachia. Ukashuka. Kidole kikanyooka. Kikaonyesha kiraka. Huy akaonyesha. Kev akaonyesha. Trish akaonyesha. Halafu, nyuma ya Trish, sauti ya upole kabisa:

"Asante, babu."

Mkahawani Lorna aliwakumbatia wote, akawapa keki, kisha akakaa mbele ya Graeme. "Hebu nisimulie tena, Graeme. Leo nataka kusikia yote. Huyo kangaruu alitokea upande gani?"

Graeme akafungua mdomo aseme kushoto. Mkono wake ulikuwa mezani, na kidole, ambacho hakikuwa kimekunjika tangu mteremkoni, kilionyesha chini. Wote wakakitazama.

"Hapakuwa na kangaruu," akasema. "Kulikuwa na shimo. Nililiona, Lorna. Sikumwonyesha. Alikuwa ananicheka."

Lorna hakupiga kelele. Alifunika kopo lake la keki, akalikumbatia kifuani. "Na mkono huohuo ndio ulionishika makaburini," akasema. Akatoka nje, na hajamsemesha Graeme mpaka leo.

Polisi nao aliwaambia ukweli siku ileile, na kesi yake inamsubiri. Alidhani akishasema kidole kitakunjika. Wapi! Madaktari wamekipiga picha, wamekivuta, wamekikanda. Wanasema ni kizima. Baiskeli ameitundika bandani, wala haigusi. Aliponisimulia alilia, mtu mzima wa miaka sitini na tatu, nami sikumwambia pole. Sikujua kama anastahili.

Jana asubuhi nilimkuta getini kwake, tukasalimiana. Mkono wake ulikuwa unaning'inia, kidole kimeelekea chini kama kawaida. Nikafuata kinakoelekea. Mbele ya miguu yangu, kwenye saruji ya njia yake aliyoimwaga mwenyewe, palikuwa na shimo, upana wa tairi moja. Juzi nilipita hapo, hapakuwa na hata ufa.

Nikalikwepa. Na ulimi wangu, Mungu ni shahidi, ukasema wenyewe: "Asante, babu."

Mimi humwita Graeme.