Mafuta ya Cherehani kwenye Benchi la Jua

Kila asubuhi kabla ya shule, Masufuria alichota maji, akafagia uwanja, kisha akaosha vyombo vya jana mpaka mtu angeweza kujitazama meno ndani yake. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Masufuria, na jina lake halisi likabaki kwa mwalimu wa darasa. Mama yake alikuwa mshonaji. Kabla hajaanza kazi aliitia cherehani yake mafuta, na cherehani ile kuukuu ikang'aa kuliko kitu chochote nyumbani. Masufuria aliiona ikipakwa mafuta kila siku wakati akitoka na ndoo yake.

Mbele ya nyumba yao, karibu na bomba la maji, palikuwa na benchi la jua. Ukilitazama, lilikuwa kiti cha chuma chenye paa dogo, lakini paa lenyewe lilikuwa paneli ya sola, na chini ya kiti kulikuwa na betri na kifaa cha kurushia intaneti. Mtu aliketi, akachomeka simu, akapata na intaneti bila kulipa. Mtaa haukuwa na umeme, na bando la wiki lilikula pesa ya mboga, kwa hiyo benchi lile ndilo lililokuwa maktaba na ofisi ya kila mtu.

Aliyelikalia kuliko wote ni dada yake Masufuria. Alikuwa amemaliza sekondari, na hapo ndipo alipojisomea kwa simu ya mama kila alichoweza kupata kuhusu uuguzi. Sasa chuo kimoja kilikuwa kimekubali kumsaili kwa video. Akifaulu, angesoma bila ada. Asipofaulu, hakukuwa na njia nyingine.

Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyempa Masufuria kazi ya kusafisha paneli, akisema kwamba mikono inayosugua sufuria zile haitashindwa na kioo. Fundi aliyelifunga benchi alikuwa ameagiza isafishwe kwa maji na kitambaa laini tu. Lakini kwa Masufuria, kitu kisichong'aa kilikuwa bado hakijasafishwa. Alipanda juu ya kiti, akaparamia nguzo hadi paani, akafuta kwa maji, akaona kioo kimefubaa, roho ikamuuma. Akakimbia nyumbani, akachukua chupa ya mafuta ya cherehani, akapaka kioo chote. Kilipong'aa akashuka kifua mbele, akaona hakuna haja ya kupanda tena upesi.

Kilikuwa kiangazi, na malori ya kokoto yalipita barabarani kutwa. Vumbi lilitua juu ya mafuta likanata, na juu yake likatua jingine. Kutoka chini hakuna aliyeona kitu. Walichoona ni simu kuchelewa kujaa, kisha intaneti kukatika jioni, kisha kukatika mchana kweupe.

Watu wakaanza kutafuta mchawi, na hawakwenda mbali. Fundi viatu, aliyeitwa Mzee Soli, alishonea viatu kwenye kivuli cha benchi huku redio yake ikiwa imechomekwa. Fundi wa manispaa alikuja, akafungua sanduku la betri, akaikuta tupu. Juu hakupanda, kwa kuwa ngazi aliisahau ofisini. Alisema betri imenyonywa mno, wangojee nyingine. Macho yote yakageukia redio. Mzee Soli alijitetea kwamba redio ile inakula kidogo kuliko mgonjwa, lakini siku hiyo hakuna aliyecheka. Wakamhamishia ng'ambo ya mtaro, kwenye jua la utosi, mahali ambapo wateja hawapiti.

Watu walipotawanyika, Masufuria alipanda tena. Kidole chake kilizama kwenye utando mzito kama uji ulioganda. Akajaribu kuufuta kwa maji, ukasambaa tu. Alijua sasa ni nani aliyeliua benchi, lakini alinyamaza, akijiambia kwamba betri mpya ikija mambo yatakwisha yenyewe. Betri haikuja. Kila alipokwenda shule alimwona Mzee Soli amejifunika kichwa kwa gazeti, naye akageuza uso.

Siku ya usaili ikafika. Betri ya simu ya mama ilikuwa imechoka, haikuweza kuishi bila kuchomekwa, lakini dada alivaa blauzi yake nyeupe, akaketi kwenye benchi kwa matumaini tu. Mama mmoja wa chuoni akaonekana kwenye kioo cha simu, akamsalimu, akauliza swali la kwanza. Dada alikuwa katikati ya jibu benchi lilipokata umeme na simu ikazima. Aliendelea kuzungumza kidogo, kama mtu asiyetaka kuamini.

Mama aliazima simu ndogo ya jirani akapiga chuoni. Walimwambia kwamba usaili unakwisha keshokutwa, na asiyepatikana nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Simu nyingine za kisasa mtaani zilikuwa zimezima zote. Dada hakulia. Alibadilisha blauzi, akaketi kando ya cherehani.

"Mama, nifundishe kushona," alisema. "Ya chuo yameisha."

Mama akamsogezea dada chupa ya mafuta na kitambaa.

"Anza kwa kuitia mafuta. Halafu uyafute yote. Ukiyaacha juu, vumbi linanata."

Masufuria alizoea kuona mafuta yakipakwa tu; hakuwahi kukaa nyumbani hadi wakati wa kufuta.

"Mama," alisema, "si redio ya Babu Soli iliyoua benchi. Ni mimi."

Akaeleza yote huku akilia. Mama aliweka mkasi chini.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku babu alipohamishwa."

"Kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa unamwona pale juani."

Masufuria akakimbilia sabuni, lakini mama akamzuia, akasema sabuni itangoja, kwanza avuke mtaro.

Mzee Soli aliitikia shikamoo yake bila kuinua kichwa. Alisikiliza mpaka mwisho, sindano ikiwa imekwama kwenye kiatu.

"Watu walisema redio, redio, hata mimi nikaamini ni kosa langu," alisema. "Redio yenyewe nimeshaiuza."

Hata hivyo aliinuka, akaongozana naye hadi bombani. Masufuria akarudia maneno yake mbele ya mwenyekiti na watu wote wa bombani. Mwenyekiti alimwomba mzee radhi hadharani. Kisha Mzee Soli akamshika Masufuria miguu, naye akaosha paneli kwa sabuni na maji ya vuguvugu, na matope ya mafuta yakatiririka mpaka chini. Walikubaliana kwamba kesho yake mtu yeyote asichomeke kitu, betri ijae. Siku ya mwisho ya usaili dada aliketi palepale, wachota maji wakizungumza kwa minong'ono, na safari hii alimaliza jibu lake. Baadaye chuo kikamwita akaanze masomo bila ada.

Mzee Soli alirudi kivulini. Masufuria alipomaliza kusafisha paneli kwa mara nyingine, mzee alimwuliza amepaka nini huko juu.

"Maji tu, babu."

"Na ukipaka kingine?"

"Nitasema siku hiyohiyo."

"Hapo sasa," alisema Mzee Soli. "Mjukuu wangu, yale mafuta ulipaka kwa nia njema. Ungesema mapema, tungeosha, tukakucheka kidogo, yakaisha. Kilichotuumiza ni kule kunyamaza. Kosa la mtoto linasameheka, lakini ukilificha, kuna mtu mwingine anaadhibiwa kwa ajili yako."

Akainamia kiatu chake. Pale redio ilipokuwa ikikaa palikuwa kimya, na Masufuria aliusikia ukimya ule kila alipopita.